Maswali ya Wasomaji: Kujaza Wino Katriji za Printa Nyumbani

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu printa za wino, hasa zile ndogo zinazotumika nyumbani, shuleni na kwenye steshenari. Wanaotumia printa za leza watuwie radhi, wao wanatumia unga na si wino, na kujaza unga ni kazi nyingine kabisa.

Wahariri, habari za kazi. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro. Natumia HP DeskJet Ink Advantage 2135 yenye katriji za 652. Katriji nyeusi inaniishia haraka mno, na nimeshanunua wino wa chupa ila naogopa kuharibu. Naomba mnielekeze hatua kwa hatua, na mililita ngapi niweke.

Ndugu yetu, kwanza kijue ulichoshika mkononi. Katriji ya 652 si chupa. Ndani mna sponji iliyoloa wino, chini ya sponji kuna chujio laini la waya, na chini kabisa ndipo ilipo ile bati yenye matundu membamba kuliko unywele. Nyuma ya kila tundu kuna kipashajoto kidogo mno. Umeme ukipita, wino unachemka papo hapo, povu linafura, na tone linarushwa kwenye karatasi. Mhandisi wa Canon, Ichiro Endo, aliligundua jambo hili mwaka 1977, pale chuma cha moto cha kuchomelea kilipogusa sindano ya bomba lenye wino na wino ukaruka. Nawe leo utatumia bomba la aina hiyohiyo.

Kinachokipoza kipashajoto ni wino wenyewe. Ukiendelea kuchapa wakati katriji ni kavu, kinaungua, na hapo hata uweke wino wa dhahabu hakifufuki. Ndiyo maana tunasisitiza: jaza pale maandishi yanapoanza kufifia, usingoje ukurasa utoke mweupe. Kwa kipimo cha kiwandani nyeusi ya 652 hutoa kurasa 360 hivi, na ya rangi 200. Ukikaribia kurasa 300, weka vifaa tayari.

Vifaa vyenyewe ni vya duka la dawa na dukani kwa jirani: mabomba manne ya sindano ya mililita 5, moja kwa kila rangi na yasibadilishane kamwe, sindano nene kidogo, geji 21, ile yenye kitako cha kijani, glavu, tishu nyeupe, magazeti ya zamani, vijiti vya meno na selotepu. Ukiweza kupata mizani ndogo ya dijitali inayosoma gramu, chukua. Tutakwambia faida yake.

Tandika magazeti, weka juu yake tishu iliyokunjwa mara nne, na uisimamishe katriji hapo matundu ya kutemea wino yakitazama chini. Bandua stika ya juu polepole kuanzia pembeni ili isichanike, utaihitaji tena. Chini yake utaona matundu, na pia vijifereji vyembamba vilivyochongwa kwenye plastiki. Vijifereji hivyo si pambo. Ndivyo vinavyoingiza hewa kufidia wino unaotoka. Kwenye katriji nyeusi tumia tundu lililo kubwa zaidi, na sindano ikikwama ulipanue kwa kuizungusha taratibu, usisukume kwa nguvu.

Vuta mililita 4 za wino, geuza sindano itazame juu, gongagonga bomba kwa kidole na utoe hewa yote. Ingiza sindano ndani ya sponji kiasi cha sentimita 2 tu. Ukienda hadi chini utatoboa lile chujio, na katriji imekwisha. Sasa sukuma kwa utulivu: mililita moja ichukue nusu dakika. Kila baada ya mililita moja vuta sindano juu kidogo, wino uenee kwenye sponji nzima. Ukiona wino unapanda kwenye tundu, acha, kisha uvute nyuma nusu mililita. Iliyojaa kupita kiasi hutiririka ndani ya printa, huchafua karatasi, na wino ukifika kwenye viunganishi vya shaba huleta shoti.

Hapa ndipo mizani inaposaidia. Siku utakayonunua katriji mpya, ipime kabla ya kuitumia na uandike uzito wake kwa kalamu ya maka kwenye boksi. Mililita moja ya wino ina uzito wa karibu gramu moja. Kwa hiyo ukipima katriji iliyopungua na kukuta imeshuka gramu 5, unajua pengo ni mililita 5 hivi, nawe unaweka 4 hadi 4.5. Huu ndio uhakika pekee, kwa sababu kipimo cha wino kinachoonekana kwenye kompyuta hakioni ndani ya sponji, kinahesabu matone tu.

Katriji ya rangi ina vyumba vitatu: bluu-bahari ambayo mafundi huiita sayani, pinki iliyokolea iitwayo majenta, na njano. Kabla ya kuweka chochote, ingiza kijiti cha meno kisafi katika kila tundu, kiguse sponji, halafu kipanguse kwenye tishu usome rangi. Usitegemee picha za mtandaoni, maana mpangilio hutofautiana kati ya katriji na katriji. Weka mililita 1.5, isizidi 2, kwa kila chumba.

Ukimaliza, rudisha stika mahali pake. Ikiwa imeharibika, weka kipande cha selotepu juu ya matundu lakini uache mdomo wa vijifereji wazi. Gusisha uso wa matundu ya chini kwenye tishu yenye unyevu kwa sekunde mbili tatu, inua, rudia pengine. Usisugue. Nyeusi iache mstari mmoja mnene, na ya rangi iache mistari mitatu iliyokaa kando kwa kando. Usiiache ikae juu ya tishu, kwani tishu itaendelea kunyonya wino uleule uliouhangaikia. Futa viunganishi vya shaba kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, acha dakika kumi, rudisha kwenye printa na uendeshe usafishaji wa katriji mara moja. Ikibidi rudia, lakini isizidi mara mbili. Kila usafishaji unameza wino.

Mimi ni mwalimu, Kitui. Nilijaza katriji nyeusi hadi ikajaa kabisa, ni nzito mkononi, lakini karatasi inatoka na mistari myeupe na baada ya nusu ukurasa haichapi kitu. Wino upo, mbona hautoki?

Mwalimu, maelezo yako yanaonyesha mambo mawili yanayofanana sura, na dawa zake ni tofauti. Anza kwa kuigusisha katriji kwenye tishu yenye unyevu.

Ikiwa mstari mweusi unatoka vizuri kwenye tishu lakini karatasi inafifia kadiri ukurasa unavyoshuka, tatizo ni hewa kutoingia. Umeziba tundu la juu kabisa, labda kwa gundi au selotepu nene. Wino unatoka kidogo, ndani panabaki mvuto, na mvuto huo unaushika wino usishuke. Ni sawa na kumimina mafuta kutoka kwenye dumu lisilo na tundu la pili. Toboa selotepu kwa pini juu ya tundu, na tatizo litaisha palepale.

Ikiwa hata tishu inabaki tupu au mstari unakatika, basi ulisukuma wino haraka na kiputo cha hewa kimenaswa kati ya sponji na chujio. Usiendelee kuchapa ukitumaini kitatoka chenyewe, maana hapo ndipo vipashajoto vinapoungua. Tafuta klipu ya plastiki ya kuvutia wino, ile inayokamata katriji kwa chini na kuunganishwa na bomba la sindano. Huuzwa pamoja na seti nyingi za kujazia. Funga bomba tupu na uvute polepole mpaka utoe nusu mililita. Kwanza yatakuja mapovu, kisha wino mzito usio na mapovu. Simama hapo. Kama huna klipu, ifunge katriji kwenye mfuko wa nailoni, matundu chini, uishike imara na uutikise mkono kwa nguvu kuelekea chini mara tano sita, kama anavyofanya nesi na kipimajoto cha zebaki. Fanya hivyo nje, ukiwa na nguo ya kazi.

Wino mmoja mweusi unafaa printa zote? Muuzaji hapa Kisumu aliniambia hivyo, tena akasema hata wino wa mihuri unaweza kusaidia ukikwama.

Hapana, na hilo la wino wa mihuri litakuulia katriji siku hiyohiyo. Wino wa mihuri umetengenezwa ubaki na unyevu kwenye pedi. Ni mzito, na hauwezi kuchemka na kuruka kama unavyotakiwa.

Kuna wino wa aina mbili kubwa. Wa pigmenti una chembe ndogo zinazoelea kwenye kimiminika. Ukifika kwenye karatasi chembe hubaki juu, herufi zinatoka nyeusi tii na zinastahimili maji zaidi. Wa dai (kwa Kiingereza dye) ni rangi iliyoyeyuka kabisa, inazama kwenye karatasi, na ndiyo inayotumika kwenye vyumba vya rangi. Nyeusi ya HP 652 na ya Canon PG-445 ni pigmenti, ilhali katriji za rangi zinazoambatana nazo ni dai. Ukitia dai kwenye nyeusi itachapa, ila herufi zitatanuka kingo na cheti kikilowa kidogo maandishi yanatembea. Ukitia pigmenti kwenye chumba cha dai ndiyo hasara: aina hizo zikikutana chembe huweza kugandamana na kuziba chujio.

Chupa isiyo na maelezo ipime hivi. Dondosha tone kwenye karatasi ya kawaida, liache saa nzima, kisha weka juu yake tone la maji na upanguse kwa kidole. Dai itavuja na kuacha wingu la zambarau au bluu. Pigmenti itabaki ilipo. Chupa ya pigmenti igeuzegeuze taratibu kabla ya kuvuta, kwani chembe hutuama, halafu iache itulie mapovu yapande.

Nimejaza katriji ya rangi, sasa njano inatoka kijani. Je, nimwage yote?

Usimwage. Sayani imeingia kwenye njano, ama kwa sindano uliyotumia bila kuisafisha, ama kwa kujaza mpaka chumba kimoja kikafurika na kuvuka juu kwenda cha jirani, ama kwa kusugua matundu kwa tishu upande hadi upande. Njano ndiyo inayoumbuka kwanza kwa sababu tone moja la rangi nyingine linaigeuza.

Ikiwa uchafu uko usoni tu, gusisha kwenye tishu yenye unyevu mara kadhaa, kila mara mahali papya, uone kama mstari wa kijani unarudi kuwa njano. Kisha chapisha mstatili wa njano tupu, robo ukurasa, mara mbili. Ikibaki kijani, uchafu umeingia kwenye sponji: ingiza sindano safi kwenye chumba cha njano, vuta kadiri utakavyopata, weka mililita 1 ya njano mpya, vuta tena, halafu jaza 1.5. Hapo uchapishe kurasa mbili tatu za njano. Isiporudi, hiyo katriji itumie kwa kazi zisizohitaji rangi sahihi, si kwa picha za pasipoti.

Printa yangu ya Canon yenye PG-445 inaonyesha E16 na haichapi, ingawa nimejaza. Na rafiki yangu ana HP inayosema katriji imejazwa au ni bandia. Tumevunja sheria?

Tuanze na printa. Kwenye Canon ndogo za aina hiyo, E13 na E16 ni taarifa kwamba kwa hesabu yake wino umeisha. Haina namna ya kujua kwamba umejaza. Bonyeza kitufe cha kusimamisha kazi, kile chenye alama ya pembetatu ndani ya duara, na ukishikilie kwa sekunde tano au zaidi. Printa itaacha kuhesabu wino wa katriji hiyo na itaendelea kuchapa. Kuanzia hapo jukumu la kuangalia kiasi ni lako, na ile mizani ya gramu inakuwa jicho lako.

Kwa HP, ujumbe wa katriji iliyotumika au kujazwa kwa kawaida unapita ukibonyeza kitufe cha kukubali, na kipimo cha wino kitabaki sifuri bila kuzuia kazi. Chipu ndiyo ya kuangalia. Septemba 2016 baadhi ya printa za HP za OfficeJet zilianza kukataa katriji zenye chipu zisizo za HP, na tangu hapo ulinzi huo umeenea katika printa zake nyingi. Unalenga chipu. Kwa hiyo katriji halisi ya HP uliyoijaza wewe, ambayo bado ina chipu yake ya kiwandani, kwa kawaida haiguswi. Ila jihadhari na mpango wa HP+ unaopendekezwa wakati wa kuwasha printa mpya, hasa zile ambazo jina lake linaishia na herufi e, kama DeskJet 2720e. Ukiukubali, umejifunga kutumia wino halisi wa HP na printa iwe kwenye intaneti. Anayepanga kujaza mwenyewe aukatae mwanzoni.

Kuhusu sheria, kesi inayojulikana zaidi ni ya Marekani. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya huko iliamua, katika shauri kati ya Lexmark na Impression Products, kwamba kampuni ikishauza katriji haiwezi tena kutumia hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kumzuia mnunuzi kuijaza au kuiuza. Hiyo ni sheria yao, lakini hoja ni rahisi kuielewa: kitu ulichonunua ni chako. Kinachoweza kukupata ni kupoteza waranti iwapo wino uliomwaga ndio ulioharibu printa.

Shikamooni. Niko Unguja. Printa ilikaa mwezi mzima wa Ramadhani bila kutumika, sasa haitoi nyeusi kabisa. Nifanye nini, na nizuieje isijirudie?

Marahaba. Wino umekauka kwenye uso wa matundu. Chukua sahani bapa, weka maji yaliyosafishwa ya kuongezea kwenye betri, yale yasiyo na chumvichumvi. Soma chupa kwa makini usije ukachukua asidi ya betri. Yapashe moto kiasi ambacho kidole kinavumilia, si ya kuchemka, kina chake milimita 3 tu. Simamisha katriji humo, matundu chini, dakika tano. Utaona ukungu mweusi ukitambaa kwenye maji. Hiyo ni dalili njema. Ikaushe kwa kuigusisha kwenye tishu, kausha viunganishi vya shaba kabisa, kisha ujaribu. Ikishindikana rudia mara mbili, na ya tatu tumia klipu ya kuvutia wino.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Zima printa kwa kitufe chake, usizime kwa swichi ya ukutani. Ukizima kwa kitufe, katriji hurudi pembeni na kukaa juu ya kifuniko cha mpira kinachohifadhi unyevu. Ukizima ukutani, au umeme ukikatika katikati ya kazi, hubaki katikati ya njia midomo wazi, na siku chache zinatosha kuikausha. Umeme ukirudi, iache printa iwake hadi itulie, kisha uizime kwa kitufe hata kama huna kazi nayo. Na kila wiki chapisha karatasi moja yenye mstari wa kila rangi.

Nina Epson L3110. Kijana wangu amemimina wino mweusi kwenye tangi la njano. Bado hatujachapa. Inaokoka?

Inaokoka, na kutochapa ndiko kulikowaokoa. Zimeni na msiiguse tena. Printa hii haina sponji, ina matangi yanayopeleka wino kwa mirija hadi kwenye kichwa cha kudumu, na kichwa hicho hakibadilishwi kirahisi kama katriji. Unganisha bomba la mililita 10 na kipande cha mrija wa dripu, uingize kwenye tangi na unyonye wino wote. Weka mililita 10 za njano, nyonya, rudia mpaka kinachotoka kiwe njano isiyo na shaka. Usitumie maji ya bomba. Kisha jaza.

Kama mngekuwa mmeshachapa, wino mweusi ungekuwa ndani ya mrija, na ingebidi kutumia ule usafishaji mkubwa uliomo kwenye programu ya printa, matangi yote yakiwa na wino angalau theluthi moja. Huo unameza wino mwingi, na wino wote unaingia kwenye pedi iliyo chini ya printa. Pedi hiyo ina kikomo, na ikifika printa itagoma mpaka ibadilishwe na hesabu yake irudishwe sifuri. Kurudisha hesabu bila kubadilisha pedi kunamwaga wino mezani kwako.

Katriji moja naweza kuijaza mara ngapi?

Ikijazwa kabla haijakauka, mara tano ni jambo la kawaida na nyingine huzidi hapo. Iliyowahi kuchapa ikiwa tupu inaweza kufa kwa mara ya kwanza tu. Chapisha ukurasa wa majaribio kila unapojaza na uuhifadhi. Pengo likitokea kila mara mahali palepale, na halijibu maji ya uvuguvugu wala klipu, hivyo ni vipashajoto vilivyoungua. Nunua nyingine, uipime siku hiyohiyo ungali hujaitumia, na uandike gramu zake kwenye boksi.